Nachimbusa Aliyenifunda Kuvumilia

Binti yangu Chanda anaolewa ziwa likifunguliwa kwa uvuvi, na shangazi zake, dada za baba yake, wameshapitisha kwamba atafundwa na Nachimbusa yuleyule aliyenifunda mimi. Wameniletea habari hiyo kama watu walioleta zawadi. Hapa Kashikishi nachimbusa ni mwanamke anayewafunda mabibi harusi: kupika, kulala na mume, kusalimia wakwe kwa magoti, na kufunga mdomo. Katika hilo la mwisho huyu wetu hana mshindani kuanzia hapa mpaka Mwansabombwe. Mimi alinifunda vizuri mno. Nilipigwa miaka na miaka bila jirani hata mmoja kukosa usingizi.

Sasa, desturi inasema mama mzazi haingii chumba cha kufundwa. Mambo ya kitandani hayasemwi mama na mtoto wake wakiwa pamoja. Mama hukaa nje na masufuria, na kesho yake hukabidhiwa mtoto aliyekwisha kutengenezwa. Chanda ndiye mtoto pekee niliyenaye. Atakachoambiwa mle ndani ndicho atakachoingia nacho katika nyumba ya mwanamume, na mimi sitakisikia. Kwa hiyo kabla sijawajibu shangazi zake nimeona nimkumbuke mwanamke huyu vizuri, kwa heri na kwa shari, nijue ninamkabidhi nani mwanangu.

Ugumu ni kwamba Nachimbusa ana kazi mbili. Jumamosi anafunda mabibi harusi. Alhamisi, kwenye baraza iliyo nyuma ya kliniki, anafundisha afya kwa wanawake waliopigwa na waume zao, na baadhi yao ni walewale aliowafunda Jumamosi za zamani. Ni kama fundi anayeunda mitumbwi inayovuja, kisha anafungua karakana ya kuziba. Wateja hawampotei.

Ni mfupi, mpana, na anavaa vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, hata jua likiwaka. Juu ya vitenge huja tisheti ya ule mradi wa Alhamisi, ile iliyoandikwa kifuani kwamba mwanamke ana haki. Anaivaa kanisani, sokoni na msibani. Niliwahi kumwona ameivaa huku akimkaripia msichana mmoja kwa kuwa alimpa bwana wake maji akiwa amesimama. Maneno ya kifuani na maneno ya mdomoni yalikuwa yanapishana, na yeye mwenyewe hakuona tatizo lolote.

Hajawahi kukosea. Akisema mvua itanyesha na isinyeshe, basi ni mvua iliyokosa adabu. Hasalimii mtu mpaka awe amekaa, na hakai mpaka aletewe kiti chenye mgongo. Kutoka kwetu sisi tuliotoka Kongo ameokota neno moja, "bon", na analitumia kufungua na kufunga kila jambo, hata sala. Anawafundisha akina mama wenye presha wapunguze chumvi na sukari, akiwa na kikombe cha chai mkononi chenye sukari ya kutosha kijiko kusimama.

Na mumewe! Watu husema mwanamke aliyefundisha kuvumilia namna ile lazima naye alivumilia mengi. Mumewe ni mzee mpole, fundi wa mitumbwi aliyestaafu, anayepika chai, anayefua, na anayebisha hodi kabla ya kuingia nyumbani kwake mwenyewe. Sijapata kusikia amemwinulia mtu sauti. Nachimbusa alitufundisha kuvumilia vipigo kama vile mtu ambaye hajaingia majini anavyofundisha kuogelea. Alikuwa na uhakika kamili.

Mimi nilivuka ziwa kutoka upande wa Kongo na mama yangu wakati wa fujo, sina shangazi wala dada. Kijana wa hapa aliponichumbia, mvuvi mwenye adabu zote, familia yake ilimwita Nachimbusa anisimamie. Kazi yake inafanywa kwa vinyago vya udongo. Chungu kina maana yake na wimbo wake, nyoka ana maana yake, kinu kadhalika, na bibi harusi hufundishwa kimoja kimoja mpaka vyote vimkae kichwani. Cha mwisho kilikuwa kichwa cha mwanamke kisicho na mdomo. Huyo, alisema, ndiye bibi mwenye nyumba inayosimama.

Bibi harusi akipata matatizo, mtu wa kwanza kumwendea ni nachimbusa wake. Nami nilikwenda, ndoa ikiwa bado changa, taya limevimba siwezi kutafuna.

"Weye nabwinga," alisema, ndivyo wanavyomwita bibi harusi, "nilikufundisha nini?"

"Kuvumilia, Ba Nachimbusa," nilimjibu kwa heshima.

"Bon. Sasa unatafuta nini kwangu?"

Kisha akapasha chumvi motoni, akaifunga kwenye kitambaa, akanikanda taya. Mkono wake ulikuwa mwororo, nasema kwa haki. Akanipikia ubwali laini, ndio ugali wa hapa, akanichambulia samaki mwiba kwa mwiba, akanilisha kama mtoto mchanga. Nilipomaliza akajifunga kitenge cha pili, akanishika mkono na kunirudisha kwa mume wangu. Hapo mlangoni alimsalimia mwanamume yule vizuri na kumuuliza habari za nyavu. Mimi alininong'oneza neno moja la Kibemba, "shipikisha", yaani vumilia, akaenda zake. Nilimchukia siku ile. Nilimchukia kuliko nilivyomchukia aliyenipiga, kwa sababu mwenye kupiga hakuwa amenikanda taya kwanza.

Basi fikirieni tulivyocheka mradi ulipofika. Wenye mradi waliwauliza wakubwa wa hapa wawatajie mwanamke anayeheshimiwa na wanawake wote, wamfundishe habari za afya ya waliopigwa, naye aje kuwafundisha wenzake. Wakubwa hawakuhitaji hata kukaa kikao. Walimtaja Nachimbusa. Sisi tuliopita mikononi mwake tulisema mradi umepata mtu anayejua mali ilipo, maana ni yeye aliyeiweka. Alikwenda semina Nchelenge mjini, akarudi na tisheti, begi la nailoni na uso ambao sikuuelewa. Nilidhani ni soda za bure zilizomvuruga tumbo.

Wakati huo mume wangu alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine huko upande wa Mofwe, bahati ambayo sikuitolea jasho. Nilikuwa nauza chisense, wale dagaa wa ziwa letu, sokoni. Nachimbusa alinijia kwenye meza yangu, akasubiri kiti, akakaa, ndipo akasalimia. Alinitaka nimtafsirie. Kutoka makazi ya wakimbizi walikuwa wanakuja akina mama Wakongomani, na Kiswahili chake yeye ni cha sokoni, kinachojua samaki, bei na punguza. Nilikubali. Nilijiambia nakwenda kumwona akiaibika, na kwamba burudani ya namna hiyo Kashikishi hatuipati kila siku.

Hakuaibika. Picha za mradi alizikunja akazikalia, akasema ubongo uliochorwa pale ni wa muzungu. Akafungua begi la nailoni, akatoa kichwa cha udongo alichokifinyanga mwenyewe, chenye shingo ndefu, akakiweka juu ya kigoda kama afanyavyo Jumamosi. Safari hii alikuwa amekichongea mdomo.

"Mwanaume akikukamata shingo," alianza kwa Kibemba, nami nikimpokea kwa Kiswahili cha kwetu, akiweka vidole vyake viwili kwenye ule udongo, "ata kama ni kidogo, ata kama anasema ni muchezo, unaenda hospitali siku ileile. Hapana kungoja."

Mama mmoja mwenye duka dogo kule makazini aliuliza, "Na kama hakuna alama?"

"Njo mubaya zaidi. Ndani inavimba, inje hakuna kitu. Sauti inabadilika. Mate inauma kumeza. Unajikojolea bila kujua. Unaanguka. Ukiona moja tu, unaenda. Ata usipoona, unaenda."

Nilitafsiri kila neno. Nilisahau kucheka.

Alhamisi zilizofuata alifundisha habari za kichwa. Alisema mwanamke aliyepigwa kichwani anaweza kuumwa kichwa miezi mingi, kusahau, kuangusha vitu, kukosa usingizi, kulia bila sababu, na kwamba huo si uchawi wala si malaria, ni ubongo umeumia na unahitaji daktari na mapumziko. Mimi miaka ile nilikuwa nasahau chumvi kwenye mboga. Nilimshuku wifi yangu kwamba ameniroga, nikaacha kula kwake. Kumbe mume wangu alinipiga kichwa mpaka nikasahau chumvi, kisha akanipiga kwa kosa la kusahau chumvi. Mwanamume yule hakuwa mvivu.

Alifundisha pia kwamba mwanamke aliyelazimishwa aende kliniki kabla ya siku tatu kupita, na akiweza aende siku hiyohiyo, maana kuna dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI. Mmoja akauliza kama ni hata aliyelazimishwa na mume wake wa ndoa. Sote tukamgeukia Nachimbusa. Huyu ndiye mwanamke aliyetufundisha sote kwamba mume halazimishi, anachukua chake. Akanywa chai yake, akafuta mdomo.

"Virusi haiulize kama mulifunga ndoa," alisema.

Darasa lilikuwa likijaa zaidi kuanzia Desemba. Serikali hufunga ziwa miezi hiyo ili samaki wazaliane kwa amani, na wavuvi wote hukaa nyumbani bila kazi. Samaki walifikiriwa vizuri sana katika mpango huo. Sisi wake hatukuingizwa.

Lakini msije mkadhani mwanamke huyu aligeuka malaika. Siku moja alikuja mkaguzi kutoka ofisi ya mradi, dada mwenye heshima na gari safi, kuona wanawake wamejifunza nini. Alitukalisha barazani, akamwomba Nachimbusa asogee pembeni, akatuuliza mmoja mmoja: mmefundishwa nini hapa? Mimi natafsiri. Wa kwanza akatazama chini. Wa pili akasema wamefundishwa vizuri. Vizuri nini? Vizuri tu. Yule mama mwenye duka, aliyekuwa akiuliza maswali kuliko wote, aliinamisha kichwa na kusema, "Ile haisemwi inje, dada."

Ndiyo, alikuwa ametufunga. Kila Alhamisi, alipomaliza, Nachimbusa alikuwa akituapisha kama anavyowaapisha mabibi harusi, kwamba kilichofundishwa kwa udongo kinabaki ndani. Hakuwahi kufundisha kitu bila kukifunika, hivyo akafunika na hili. Mkaguzi aliandika kwamba washiriki hawakumbuki lolote. Nachimbusa alifurahi kupita kiasi.

"Uliona, BanaChanda?" aliniambia, yaani Mama Chanda. "Ata mumoja hakufungua mudomo."

Mradi ukamrudisha semina kwa kutofahamu kufundisha, akanywa tena soda zao. Mimi sikucheka sana mara hiyo. Nilikuwa na jirani ukuta kwa ukuta, anayekohoa kwa sauti iliyokauka kila baada ya ugomvi na kusingizia moshi wa samaki. Mwanafunzi wa Nachimbusa aliishi nyumba ya tatu kutoka kwake na hakuwahi kumwambia neno, kwa sababu aliapa, nami vilevile. Nilimfuata Nachimbusa nikamwambia kwamba shingo ya mtu si siri ya kitandani, na kwamba anawaziba midomo watu kwa mara ya pili. Aliudhika, akaniita Mkongomani asiye na haya. Alhamisi iliyofuata alisimama mbele ya wote, hana dalili ya kuomba radhi usoni.

"Bon. Hii ya shingo munaweza kusema. Ya kichwa, pia. Ya dawa, pia. Ile ingine ya bwana na bibi, mukae kimya."

Haikupita muda soko zima lilikuwa linajua habari za shingo. Jirani yangu alikwenda kliniki na mwanafunzi yule akimshika mkono, akalazwa, akarudi mzima. Nachimbusa alipokea shukrani zake akiwa amekaa, kana kwamba wazo lilikuwa lake tangu mwanzo.

Haya yote niliyapima na sikupata jibu. Alhamisi namfahamu, maana maneno yake yalipita kinywani mwangu. Jumamosi simfahamu. Anapofunga ule mlango na ngoma ikaanza, ni yupi anayefundisha, huyu wa barazani au yule aliyenirudisha kwa mume wangu? Mabibi harusi wake wa siku hizi nimejaribu kuwadodosa. Wamefundwa vizuri, hawasemi.

Juma lililopita nilikwenda kwake. Nilimkuta uani, magoti yamekufa, anageuza chisense kwenye wavu akiwa amekaa kwenye kile kiti chenye mgongo. Mumewe alileta chai, akabisha hodi ya kutoka, akatoka. Sikutaka kuzunguka. Nilipiga magoti nikasalimia, nikamwambia Chanda ameletwa kwake, na kwamba nataka kujua atamwambia nini mle ndani.

"Mama haulizi ile," alisema.

"Najua, Ba Nachimbusa. Miye ninauliza."

Aligeuza samaki. Kisha akaniambia kuhusu msichana mwingine, aliyemfunda nyuma yangu kidogo. Naye alimjia, ndoa ikiwa changa. Hakuwa na uvimbe wala alama, ila sauti yake ilikuwa imekauka na alikuwa akimeza kwa shida. Nachimbusa alimpa chai yenye asali. Akamshika mkono, akamrudisha kwa mumewe, akamnong'oneza neno lake. Siku chache baadaye waliitwa kwenye msiba wa msichana yule. Walisema ni malaria ya kichwa, naye Nachimbusa akakaa mstari wa mbele na wafiwa na kusema vilevile.

"Kwa semina," alisema, "mwalimu alipofika pale pa shingo, miye nilitoka inje, nikatapika. Balisema ni sambusa ilioza. Nilirudi ndani, nikamuuliza: ningemupeleka hospitali siku ile? Alisema, angeweza kupona."

Niliona haya. Mimi na ulimi wangu wote huu, niliyekuwa nimeeneza soko zima habari za soda zake.

"Na Jumamosi?" nilimuuliza. "Jumamosi munabaambia nini?"

Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza akitafuta maneno. Alisema kila Jumamosi anaingia akiwa amekusudia. Anakiweka chini kile kichwa chenye mdomo. Lakini mle ndani kuna shangazi za bwana harusi, wakubwa kwa wadogo, na wote wamemkodolea macho, na wamekuja kusikia yaleyale waliyoyasikia wao. Ngoma inapigwa. Ulimi wake umezoea njia ya zamani na unaifuata wenyewe.

"Nikifika pale pa shingo," alisema, "ninaruka."

"Kila mara?"

"Eya. Kila mara."

Nilisimama. Nilikuwa nimepata jibu nililolijia, na lilikuwa baya kama nilivyoogopa. Nilihisi hasira, na zaidi ya hasira nilimwonea huruma, jambo lililozidi kunikasirisha. Nilimshukuru kwa chai. Nilimwambia nitawaambia shangazi zake Chanda watafute mwingine, ingawa sote wawili tunawajua hao wengine, na kwamba wao hawana hata Alhamisi.

"Kaa," alisema. "Utaingia."

"Wapi?"

"Mule ndani. Weye na Chanda. Utakaa mbele yangu, karibu ya ngoma. Ukiniangalia, sitaruka. Nikiruka, weye unasema."

Nilimwambia mama mzazi haingii, ni desturi, ni yeye mwenyewe aliyeilinda kuliko mtu yeyote. Shangazi za bwana harusi watatoka nje. Watu watasema ameharibu kazi, hakuna atakayemwita tena kufunda mtoto wake. Alisema anajua. Alisema pia kwamba nikiingia nipige magoti vizuri, si kama nilivyopiga hapa, maana Wakongomani tunapiga magoti kama watu wanaotafuta sindano. Nilimwahidi nitaingia. Kisha nikamuuliza kwa nini imekuwa mimi, na kwa nini sasa, wakati ameshaziruka Jumamosi zote hizo.

Aliacha samaki.

"Yule wa shingo pia alikuwa na mama," alisema. "Siku ile nilikuwa ndani na mutoto wake, yeye iko inje, anapika, anaitikia nyimbo yangu. Mpaka leo tukikutana kwa soko ananipigia magoti."